Msalaba wa Muda

Fundi aliyekuja kuniangalizia bomba hapa Unyambwa alifunga kipande cha mpira mahali panapovuja, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mama, hii ni ya muda tu. Nitarudi na kifaa chake."

Nilimfukuza. Mtu wa watu alikuwa na adabu zake, aliniamkia vizuri, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilimfukuza kwa sababu ya neno alilosema. Aliondoka akigeuka geuka nyuma, na bomba linavuja mpaka leo kupitia kwenye mpira wake. Mume wangu anasema kichwa changu hakiko sawa. Inawezekana, lakini neno hilo nimekaa nalo nyumba moja tangu nazaliwa na ninajua tabia zake.

Kwetu kijijini, upande wa Mgori, vitu visivyodumu vina majina yake na havimdanganyi mtu. Tukishavuna uwele tunapikia mabua, na kila mtoto anajua kwamba moto wa mabua unawaka kwa kelele na kuzimika kabla maji hayajachemka. Ukitaka ugali uive, unakaa hapo hapo jikoni unaongeza bua juu ya bua, macho yanatoka machozi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanatoka jioni, na asubuhi unafagia mabawa mlangoni. Uyoga usipouwahi, unaukuta na funza. Vijana wa mjini wanasema nguvu ya soda, nao wamesema vizuri: povu limepanda, limeshuka, yamekwisha. Sijamwona mtu anayelia kwa sababu povu la soda limeshuka.

Neno "ya muda" ni la ukoo mwingine. Linasemwa juu ya kitu ambacho hakitaondoka. Nilisoma kwenye darasa la muda, la miti na udongo, na wanangu wa kwanza wakasomea humo humo wakati nimewapeleka wakae kwa bibi yao. Kijiji kilikuwa na mwenyekiti wa muda mpaka alipozikwa, na kwenye mazishi yake wasemaji wote walimwita mwenyekiti wa muda, kwa heshima kabisa. Magogo mawili yaliwekwa kwenye korongo ili watu wavuke kwa muda. Yalipooza yakaletwa magogo mengine mawili. Nimelichunguza neno hili kwa miaka, na nimegundua kwamba anayelitumia siku zote ni mtu aliye njiani kwenda zake. Anayebaki na kile kitu halitumii. Yeye anakiita darasa, anakiita daraja, anakiita nyumba, kwa sababu hana kingine.

Mama yangu aliambiwa neno hili siku alipoolewa. Alikuwa mke wa pili. Mke wa kwanza, ambaye sisi tulimwita mama mkubwa, hakujaliwa mtoto, na baba alipoona miaka inakwenda akamleta mama. Mama mkubwa alikuwa na nyumba ya bati, yenye sakafu ya saruji na madirisha ya mbao. Mama alionyeshwa tembe lililokuwa likilaza ndama. Baba alimwambia, "Kaa hapa kwa muda. Mvua zikikatika nitakujengea."

Mvua zilikatika. Zilikatika mara nyingi sana. Mwaka mmoja ng'ombe waliugua, mwaka mwingine kaka alifaulu kwenda sekondari Kiomboi, mwaka mwingine baba alifyatua matofali kweli, akayachoma, yakakaa kwenye tanuri mpaka majani yakaota juu yake. Mama alituzaa sote ndani ya tembe lile. Kila mwaka kabla ya masika alipanda juu ya paa, amejifunga kanga kiunoni, sisi tukimpandishia udongo kwa karai, naye anausambaza na kuushindilia kwa miguu. Mvua ikizidi, paa lilikuwa linavuja matope badala ya maji. Tuliamka na matope kwenye nywele. Mama alikuwa akicheka, anasema tumepakwa mafuta ya bure. Mimi sikuwa nacheka, tangu nikiwa mdogo nilikuwa na hasira za karibu.

Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na uzio wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe ambayo mbuzi hawaili na mchwa hawaiwezi. Wanawake wale wawili waliishi pande mbili za uzio huo karibu maisha yao yote bila kula chungu kimoja. Walisalimiana kwa kututuma sisi. "Kamwambie mama yako mbuzi wake wamo kwenye mtama wangu." "Kamwambie mama yako mkubwa mbuzi hao ni wa mume wake." Tulikuwa tunakimbia huku na huko kama watu wa posta. Baba alipokufa walikaa msibani kwenye mkeka mmoja kwa sababu desturi ilitaka, mmoja kwenye ncha hii, mwingine kwenye ncha ile. Kaburi la baba lilijengwa mapema kwa saruji na marumaru, maana alikuwa mwanaume na mzee wa ukoo, na waombolezaji walitoka mbali.

Kisha akafa mama mkubwa. Hapa inabidi nieleze desturi ya ukoo wetu, kwa sababu ndiyo iliyotuharibia. Kwetu mume akilala, mke mkubwa analazwa upande wake wa mawio na mke mdogo upande wa machweo. Ndivyo walivyolala babu na bibi zetu. Vijana walianza kumchimbia mama mkubwa upande wa mawio kama inavyotakiwa. Hawakufika mbali, wakagonga mwamba. Singida nzima imelala juu ya mawe, mahali pengine yamejificha tu. Waligonga kwa mtaimbo mpaka cheche zikatoka, jua linawaka, maiti inasubiri. Mwisho mama ndiye aliyesema, tena amesimama jikoni na mwiko mkononi, "Mchimbieni upande wa pili. Kaburi ni kaburi." Wakamchimbia upande wa machweo, mahali pa mke mdogo. Nilikuwepo. Sisi wanawake tulikuwa tunawapikia wachimbaji uji, tuliona kila kitu. Kaka alikuwa kazini mjini na hakuwahi. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa amelazwa hospitali.

Tulimwambia mama ahamie kwenye nyumba ya bati, maana ilibaki tupu. Alikataa. Alisema ile ni nyumba ya mtu. Akaendelea kupanda juu ya paa lake na karai, mpaka miguu ilipokataa.

Mama alipofariki, palipobaki ni upande wa mawio. Vijana walisogea mbele kidogo kuukwepa ule mwamba, na safari hii udongo ulikubali. Kwa hiyo mama yangu, aliyeishi kwenye zizi la ndama, alikwenda kulala mahali pa mke mkubwa. Nilipoliona hilo nilifurahi. Nasema kweli, katikati ya kilio nilifurahi, nikajisemea kwamba angalau ardhi imempa kitu chake.

Kaka alifika wakati jeneza limeshatoka ndani, watu wamejaa, akasukumwa mbele hadi kwenye shimo na kurudishwa nyuma kabla hajajua liko upande gani wa baba; baba mdogo alikuwa ameketi mbali, nyuma ya watu. Baada ya mazishi alisimama mbele ya watu kama mtoto mkubwa, akashukuru, akaonyesha msalaba wa mti mwororo uliopakwa rangi nyeupe, wenye jina la mama kwa rangi nyeusi. Akasema, "Ndugu zangu, huu msalaba ni wa muda. Mama yetu tutamjengea kama alivyojengewa baba."

Watu walisema amina.

Mchwa wa kwetu hawajui msalaba wala ufito. Masika ya kwanza rangi ilianza kubanduka. Ya pili, msalaba uliinama. Mwaka uliofuata nilikuta kipande kimoja kimelala, nilipokiinua kikamong'onyoka mkononi kama mkate mkavu, na jina la mama likawa vumbi kwenye kiganja changu. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, peke yangu, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Siku hiyo nilikata vijiti vya mnyaa kwenye uzio ule ule wa zamani, nikavichomeka kichwani pa mama. Vilishika. Mnyaa hauhitaji kubembelezwa. Kila nilipopata nafasi ya kwenda, nilipalilia pale, naona unazidi kunenepa, nasema sawa, huu hautaliwa na mtu.

Kila sikukuu nilimpigia kaka. Alikuwa na sababu nzuri. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha, kwa sababu mtu mbaya ungemsema ukapumua. Alisomesha watoto wa ndugu, alitibu watu, kila shida ya ukoo ilimwangukia. Mkubwa ni jalala. Aliniambia, "Mdogo wangu, mama hajambo pale alipo. Tutajenga tu."

Mwaka jana akatimiza. Nikisema akatimiza nasema neno lake. Alipiga simu kwamba siku imepangwa, fundi amepatikana, marumaru na jiwe lenye maandishi vimeshaletwa kutoka mjini, mwinjilisti amekubali kuja kubariki kaburi. Nililia tena, kwa furaha. Nilinunua kitambaa, nikashona gauni. Nilitangulia kwa pikipiki asubuhi mapema ili nisaidie kupika.

Nilipofika nyumbani sikupatambua. Kaka alikuwa ameagiza watu wasafishe eneo tangu jana yake, ili maturubai yapate mahali pa kusimama na wageni wasichafuke. Walikuwa wamefanya kazi nzuri. Tembe la mama, lililokuwa limebaki ukuta mmoja, lilikuwa limebomolewa na kusawazishwa. Uzio ulikuwa umeng'olewa. Na nyuma ya nyumba, kaburi la baba lilikuwa linang'aa peke yake kwenye uwanja mwekundu ulioparuliwa vizuri. Vilima vya makaburi mawili vilivyokuwa vimeshazama vilikuwa vimekwanguliwa bapa. Mnyaa wangu niliukuta kwenye lundo la takataka, mizizi juu, unatoa utomvu.

Upande wa machweo wa baba, fundi alikuwa ameshapanga tofali la kwanza.

Nilikwenda pale na gauni langu jipya. Kaka alikuwa amesimama na baba mdogo. Nilipiga goti nikamwamkia baba mdogo, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeona kazi?"

"Nimeona. Lakini baba, hapa si kwa mama. Hapa ni kwa mama mkubwa."

Baba mdogo alinitazama kwa upole. "Mama yako alikuwa mke mdogo, au sivyo? Mke mdogo analala machweo. Hata mtoto anajua."

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu mwamba, mtaimbo, uji, maneno aliyosema mama na mwiko mkononi. Alitikisa kichwa akasema hakuambiwa hayo. Nikasema alikuwa hospitalini. Akasema hata hospitalini watu walikuwa wanamletea habari. Nikamgeukia kaka, nikamwambia aulize vijana waliochimba, maana sisi wanawake tuliopika uji hakuna ambaye angesikilizwa. Mmoja alihamia Tabora, mmoja amekufa. Wa tatu alikuwepo pale pale anabeba maji ya saruji, akatazama ndoo yake na kusema ni siku nyingi, yeye amechimba makaburi mengi.

"Basi chimbeni kidogo tu pale mawio," nikasema. "Mkigonga mwamba mtajua nasema kweli."

"Tuchimbe makaburini siku ya baraka?" Kaka aliuliza kwa sauti ya chini. "Wageni wako kwenye viti. Mwinjilisti ana maziko mahali pengine mchana. Unataka watu waseme nini?"

"Waseme tumemjengea mama yetu."

"Tunamjengea."

"Mnamjengea mama mkubwa!"

Nilipiga kelele, nakubali. Watu kwenye turubai waligeuka. Wanawake jikoni waliacha kupepeta mchele. Baba mdogo aliinua mkono wake na kunyamazisha kila mtu, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Wewe umeolewa, mwanangu. Kwa watu ndiko kwako. Hapa unakuja na kuondoka. Mambo ya ukoo waachie wanaobaki."

Wanaobaki! Yeye anakaa Ikungi kwa binti yake. Kaka anakaa mjini. Aliyekuwa akipiga magoti pale na jembe la mkono ni mimi, na wote wawili hawajawahi kung'oa hata jani moja. Nilitaka kuyasema hayo yote. Lakini alikuwa baba yangu mdogo na nilikuwa nimeshamwamkia, na kwetu ukishapiga goti huwezi kuinuka na matusi. Shangazi mmoja alinishika mkono akanipeleka jikoni, akanipa vitunguu nikate, ili nipate sababu ya machozi.

Walijenga. Fundi alikuwa hodari, sina la kumsema. Marumaru zilikuwa nyeupe zenye mistari ya kijivu, na jiwe la kichwani limeandikwa jina la mama yangu, herufi zimechongwa na kutiwa rangi ya dhahabu. Mwinjilisti alibariki. Watu wote wakaimba. Tulikula pilau, kaka akapiga picha, akazituma kwenye grupu la familia, na ndugu walio mbali wakaandika kwamba mama amepata makao ya heshima. Upande wa mawio, mahali mama alipolala, walikuwa wameweka kreti za soda kwa sababu turubai lilitoa kivuli hapo.

Niliangalia kreti zile mpaka shughuli ikaisha. Nilimwomba kaka kitu kimoja tu, jiwe dogo la pili upande wa mawio, lisiandikwe jina, liwe alama. Akasema ataliangalia.

Miezi ikapita. Siku moja kaka akapiga simu, sauti yake ndogo. Alikuwa amekutana na yule kijana wa Tabora, sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na katika mazungumzo yule mtu mwenyewe ndiye aliyetaja mwamba. Alikumbuka cheche. Alikumbuka mpaka uji ulikuwa wa uwele.

"Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli," kaka alisema.

Nikamuuliza tunavunja lini.

"Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tukivunja, watu watatucheka, na baba mdogo ni mzee, itamuua. Mdogo wangu, naomba tuache hivyo kwa muda. Tutarekebisha."

Sikupiga kelele. Nilijishangaa mwenyewe. Nilimuuliza, "Kaka, atakayerekebisha ni nani? Wewe sasa unatembelea magongo mawili. Mimi magoti yangu hayakunji. Watoto wako hawajui hata njia ya kwenda Mgori. Tukifa sisi wawili, atakayejua mama yuko wapi ni nani?"

Akaanza kulia, mzee mzima yule, analia kama alivyolia siku ya mazishi. Mimi sikulia naye. Nilimwonea huruma, lakini sikulia naye, na sikumwambia haidhuru.

Wiki hii nimekwenda. Sijabeba mnyaa. Nimechoka kupanda vitu kwa ajili ya watu wa kuving'oa, na hata nikipanda, nani atamweleza mgeni kwamba mti huu ni mama? Nilipalilia upande wa mawio kwa kukaa kitako, najisogeza polepole. Majani yalikuwa yamerudi kana kwamba pale hapakuwahi kulala mtu. Kule kwenye marumaru kulikuwa safi, hata jani hakuna.

Nilipomaliza nilizunguka kaburi la baba nikasimama upande wa machweo, mbele ya jina la mama. Niliongea kwa Kinyaturu, kwa sababu mama mkubwa hakupenda kusemeshwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama mkubwa. Jina hilo ulilofunikwa nalo si lako, na unajua. Sikulaumu, hukuomba, na mtoto wa kukuandikia la kwako hukupata. Lakini mwenzako yuko nje, hapo upande wa pili wa mume wenu, na mimi sitarudi mara nyingi. Wajukuu wake wote wanaamini kwamba yuko kwako. Basi naomba, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwomba. Msogezee nafasi."